Orodha Iliyoishia Merti

Kosa lilikuwa la mstari mmoja. Kila ilipowashwa, kompyuta ya ofisi yetu ya chakula cha msaada, Isiolo, ilisoma jedwali la chipu zake za kumbukumbu. Ilipokuta nafasi moja tupu ilikoma hapo, ikidhani chipu zimeisha. Majina ya wapokeaji wa vituo vya mwisho, yaliyokosa nafasi kwenye kumbukumbu, yalikatwa.

Nilirekebisha programu iruke pengo hilo. Printa ikalia. Kwa mara ya kwanza tangu Machi 1984, orodha ilipita kituo cha Merti ikafika Sericho.

“Pakia leo,” nilimwambia Ibrae, dereva wa lori aliyekuwa ametoka Sericho jana yake.

Kidole chake chenye grisi kilishuka kwenye karatasi polepole, kikisimama hapa na pale.

“Nipe kalamu kwanza,” akasema. “Tutoe wale tumezika.”