Mkwe wa Kaunta ya Mwisho

“Chumvi yenu ina chumvi mno,” alisema mama muuza nyanya, akaisukuma juu ya kaunta pakiti iliyokwisha kufunguliwa. Alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani, asije akatambulika.

Msichana wa kaunta ya mwisho akaweka miwani yake sawa, akaonja chembe moja. “Pole, mama. Kweli imekolea. Nikubadilishie?”

“Nibadilishie.”

Foleni ikaguna. Mama hakujali. Hakuja kununua chumvi, alikuja kumchokonoa yule msichana mpaka apasuke.

Sababu alikuwa nayo. Mtaa ulikuwa umebadilika mpaka wenyeji wanapotea. Pale kwa fundi viatu sasa kuna duka la mito. Mito tu, jamani, hata shuka hawana! Palipokuwa na mashine ya kusaga kuna duka la paka: brashi za paka, vitanda vya paka, na paka wenyewe wa mtaani wanafukuzwa mlangoni. Kisha ikaja supamaketi hii, yenye matawi kila mji na milango inayojifungua yenyewe, ikala kona nzima pamoja na wateja wa mama. Meza yake ya nyanya ikabaki nje, ikitazamana nayo kama wake wenza.

Na mwanawe wa pekee, fundi simu, akaenda kumpenda nani? Mtu wa humo humo!

“Hatakanyaga kwangu,” mama alikuwa amemwambia.

“Basi sioi. Bila radhi yako sioi, mama, na mwingine simtaki.”

Hapo mama aliingiwa na baridi, maana ukaidi wa mwanawe aliujua. Kijana aliurithi kwake. “Niache nikamwone mwenyewe,” akasema. “Lakini usimwambie. Apa!”

Kijana akaapa, mkono wa kulia juu, wa kushoto umeshika simu. “Kaunta ya mwisho,” akasema. “Mwenye miwani.”

Ndipo visa vikaanza. Baada ya siku ya chumvi ikaja siku ya sabuni: mama akadai macho yake hayaoni, akasomewa maandishi yote madogo ya nyuma ya pakiti, akaomba arudiwe pale kwenye habari za povu. Siku ya mayai akataka kila yai litikiswe sikioni. Msichana akatikisa moja moja, uso mkunjufu.

Siku zote hizo, nyuma yake alisimama mama mmoja mwenye kilemba cha njano, mkononi ana kibiriti kimoja tu. Watu wakilalamika, yeye alicheka chini chini. Wakazoeana.

“Kila siku kibiriti, mwenzangu? Unachoma nini?”

“Sichomi kitu. Sasa nitasimamaje kwenye foleni mikono mitupu?” akajibu. “Mimi natazama tu. Changu sikitoi haraka.”

“Hapo umenena. Humu wanatunyonya.” Mama akamsogelea. “Nikwambie siri? Huyu mwenye miwani anataka kuolewa na mwanangu. Namjaribu.”

“Ala! Na umemwonaje?”

“Mpole, lazima niseme. Kasoro iko huko alikotoka. Hebu tazama shati la kazi lilivyojikunja! Mama gani anamwacha binti atoke nyumbani vile? Mvivu huyo, nakwambia.”

“Labda pasi imeharibika.”

“Mvivu hakosi sababu!”

Mwenye kibiriti akakohoa kidogo. “Kesho mjaribu na nyanya,” akashauri.

Kesho yake mama akaweka juu ya kaunta nyanya mbili za supamaketi, nyekundu utadhani zimepakwa rangi. “Hizi ni nzuri?”

Msichana akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama. “Mama, msimamizi asinisikie. Hizi zimelala kwenye friji, hazina ladha. Kanunue pale nje, kwa yule mama wa meza ya kona. Zake ndizo nyanya.”

Weee! Mama akasahau alichokuja kufanya. Machozi yakamlenga, akatoka bila nyanya wala kwaheri. Alipofika mlangoni akamsubiri mwenye kibiriti, akamshika mkono.

“Amenishinda, dada! Huyu ni mwanangu. Na mama yake akikataa kumtoa, nitampigia magoti, mvivu hivyo hivyo!”

“Utampigia magoti?”

“Yote mawili.”

“Makubwa,” alisema yule mama, akakitia kibiriti mkobani.

Jumapili nyumba ilisuguliwa mpaka sakafu ikateleza. Msichana angekuja na mama yake kusalimia, na mama muuza nyanya alishinda mbele ya kioo akijifunza tabasamu la kumpokea mvivu bila yeye kujua kwamba anajulikana. Aliposikia hodi alikuwa jikoni. Mwanawe akafungua mlango, naye akatokea na sinia ya chai.

Msichana alitangulia, miwani inang'aa, gauni limenyooka halina hata mkunjo. Nyuma yake kikafuata kilemba cha njano.

Mama akaitua sinia mezani upesi. Mgeni akaketi, akafungua mkoba, akavipanga mezani vibiriti vyake, kimoja baada ya kimoja, vyote havijaguswa.

“Pasi ilikuwa imeharibika kweli, mwenzangu,” akasema, na macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye magoti ya mwenye nyumba.