Mikwaruzo ya Mwambani

Kila mumewe, Profesa Okinyi, alipolamba midomo, Celestine aligeuza uso.

"Kilele hiki," profesa alinguruma, akiionyesha picha ukutani, "ni koo la volkano iliyozimika zamani. Barafu ilikwangua mlima pande zote, koo gumu likabaki wima. Na mikwaruzo hii mwambani ni alama za mawe yaliyoburutwa na barafu. Barafu ilipoyeyuka na kuiacha wazi, mimi, kwa mikono hii, niliigusa wa kwanza!"

Ukumbi wa hoteli ukalipuka kwa makofi. Hata wageni waliotoka mbali, mji wa Port Victoria, walisimama.

Kando ya Celestine, Fabian hakupiga makofi. Alikuwa mpagazi wa Mlima Kenya, ametoka Nanyuki kwa sababu Celestine alimwita. Ndani ya ndala, mguu wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu. Vingine viliozeshwa na baridi siku aliyopanda peke yake na kamera ya profesa.

"Mama, si huyu alibaki kambini?" alinong'ona.

"Alibaki. Alitapika mpaka akachafua buti zangu."

"Na picha ni mimi nilipiga."

"Najua, Fabian. Leo jina lako litatajwa."

Jukwaani, profesa alijifuta jasho la kwapa kwa leso, kisha akapangusa midomo kwa leso ileile. Celestine akafumba macho. Uongo ule ulimnukia kama matumbo ya samaki mbuta yaliyosahauliwa juani.

Bwana Ranjan, mfanyabiashara aliyefadhili hafla, alikuwa ameahidi kujenga jumba la makumbusho hapo Kisumu, lenye jina la profesa mlangoni. Sasa alishika kipaza sauti.

"Haya, watu yangu, mtu moja tu aseme, halafu tuende kukula."

Celestine akainuka. Profesa alipomwona amepewa kipaza sauti, uso ulimsawijika.

"Nilikuwa mlimani siku ile," Celestine alisema. "Lazima niseme nilichokiona."

"Sema, Mama!" Fabian alimhimiza.

Alimtazama Ranjan. Kisha akaitazama ile midomo iliyolowa mate.

"Nilimwona mume wangu akiufikia mwamba ule," alisema, "na hapakuwa na mtu mwingine."