Anayemdai Marehemu

Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025, saa nane mchana, jua likiwaka bila joto juu ya mtaa wetu wa Sydenham, tulimswalia mwanangu Sultan swala ya ghaibu. Ndege aliyoirusha kuhamisha majeruhi wa vita kutoka kisiwa cha mbali ilikuwa imezama naye baharini.

Nilisimama nikauliza, kama desturi itakavyo: "Anayemdai marehemu ajitokeze." Nilijua hatasimama mtu.

Askari mmoja alinyanyuka, vidole vyake vilivyoungua vikipapasa ukingo wa kofia.

"Anayedaiwa ni mimi, mzee. Alikwisha kututoa salama. Nikamsihi arudi kumchukua mdogo wangu, nami nilijua keshakufa. Sikutaka azikwe kule. Nisamehe, mzee wangu."

Msikiti mzima ulinitazama.

"Keti," nilimwambia. "Hilo silisamehe."