Mfereji wa Nyani

Tulieni niwape habari ya Nyani, maana humu ndani wamo wanaofanana naye.

Nungunungu alikuwa na mianzi kumi na miwili juu ya mlima, na mtungi wake chini nyumbani. Kila asubuhi Kobe alipanda kukinga ulanzi, pombe inayotoka kwenye mianzi ile, akashuka na kibuyu mgongoni, polepole, maana kwenye mteremko ule ukiteleza unatangulia kichwa. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti wa Nungunungu, na huko kwetu mkwe hapewi maji.

Nyani akacheka. "Mzee Kobe, mpaka ufike na kibuyu hicho, binti atakuwa na mvi."

"Nitafika, mwanangu."

"Mama Nungunungu, nipe siku moja. Nitapasua mianzi, niilaze toka juu hadi mtungini. Ulanzi utashuka wenyewe."

Nungunungu akakubali, kwa kuwa kukubali hakuchoshi. Nyani akashinda na panga, na jioni mfereji ulikuwa umenyooka hata Kobe akausifu.

Jumamosi wakwe wakafika, wakakaa kuuzunguka mtungi. Wakangoja. Halikudondoka tone.

Kobe akauliza, "Mwanangu, mianzi ya mfereji uliikata wapi?"

"Pale pale juu. Ilikuwa karibu."

"Mingapi?"

"Kumi na miwili."

Mama mkwe akanywa maji, akasema mfereji ni mzuri sana, akaaga.

Binti yuko kwao mpaka leo. Mfereji nao upo.