Jani Jekundu la Isale

Kwa sheria, kila mpaka ulipandwa masale, mimea ya mipakani isiyojua kuficha. Mtu akijenga upande usio wake, majani yaligeuka mekundu, na jengo likabomolewa na wakaguzi siku hiyohiyo.

Ndiyo maana Mama Ndeshi hakubanduka uani tangu jirani yake, Mzee Kiwelu, aanze kuchimba msingi wa ukuta. Alikagua masale jani kwa jani. Yote kijani! Akashusha pumzi.

"Nisamehe, mzee. Nilidhani utanimegea kiwanja."

Mzee Kiwelu akatoa mfukoni jani jekundu kama pilipili.

"Hili nimelichuma leo, nyuma ya jiko lako. Jiko limeingia kwangu hatua nzima. Mwaka wa sita huu nayachuma kabla wakaguzi hawajapita."

Mama Ndeshi aligeuka. Jiko lake lilikuwa bado limesimama, maharage yakichemka ndani. Machozi ya shukrani yakamlengalenga. Alilipokea lile jani, akamrudishia kwa mikono miwili, kama Wachaga waombavyo radhi.

"Nilishakusamehe zamani," mzee alisema kwa upole. "Ila ukuta ukiisha, mama, mkono wangu hautayafikia tena majani ya huko."