Shubiri Mbili Kupita Boya

Siku hizi ziwani, mvuvi akipeperushwa kuvuka maboya huhesabiwa amehama, na nyumba yake humkana. Kwa hiyo upepo ulipochachamaa, Nyanjura alifunga kamba ya ndoo kwenye omo, mbele ya mtumbwi, akaitupa ndoo majini iwapunguzie mwendo.

“Ongeza kamba, Mama Nyasatu!” mumewe, Magesa, alipaza sauti kutoka tezi, nyuma ya mtumbwi. “Au umeshanichoka?”

“Nikuchoke, nani atanikuna mgongo?”

Upepo ulipotulia, tezi ilikuwa imelipita boya shubiri mbili tu. Walicheka, wakapiga kasia kurudi.

Nyumbani, mlango ulimpisha Nyanjura, ukajifunga usoni mwa Magesa. Binti yao alimchungulia dirishani.

“Mama,” Nyasatu alinong’ona, “nyumba inasema baba amehama. Huyo uliyekuja naye ni nani?”