Dohani ya Jirani

Murdoch Tierney alimeza kidonge chake cha kupunguza lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, akakisindikiza na chai, kisha akaapa mbele ya paka kwamba leo ni leo. Zoe Kassimatis, jirani yake wa chini mteremkoni, angemtambua.

"Anataka kuniua yule mama," alimwambia paka. Kanali, dume la sikio moja, alikuwa amejilaza dirishani karibu na jiko. Alipiga miayo.

Asubuhi hiyo daktari alikuwa amesoma majibu ya damu. Vidonge vilikuwa vimeyapunguza mafuta, lakini mishipa ya moyo bado haikutulia.

"Unavuta sigara, mzee?"

"Niliacha siku nilipostaafu kukata manyoya ya kondoo."

"Basi unavuta moshi wa mtu. Moshi wa kuni wa hapa Armidale nao unaumiza mishipa. Tafuta unakotoka, kidonge peke yake hakitaweza."

Murdoch hakuona haja ya kutafuta. Kila jioni ya baridi alichungulia chini akaona moshi umelilalia paa la Zoe kama blanketi. Kaka yake alidondoka bustanini akichuma nyanya, moyo ukasimama palepale. Murdoch aliogopa kufa vile. Aliogopa sana, ila aliyejua ni paka tu.

Kabla ya kutoka jioni hiyo alishindilia gogo la mkalitusi ndani ya jiko lake la kuni, akafunga tundu la hewa kabisa ili moto ujikokote hadi asubuhi, kama alivyofundishwa na baba yake. Kuni si za kuchezea. Akavaa koti, akateremka huku akikohoa hadi mlangoni kwa Zoe.

"Zima jiko lako, Zoe."

"Jiko gani?" Zoe alikuwa na unga hadi viwikoni. "Nililing'oa mwaka juzi, natumia umeme. Hata mimi nameza vidonge kama wewe, ulidhani napenda moshi?"

"Na huo uliokalia paa lako?"

"Huo mgeni. Vua viatu, uje uone anakotoka."

Miaka yote ya ujirani Murdoch hakuwahi kuingia mle. Alimfuata Zoe kwenye ngazi za kuzunguka zilizomfanya asijue tena anatazama upande gani, hadi chumba cha kupikia cha juu. Zoe akampa biskuti yenye kokwa za jozi, kisha akafungua pazia.

Dohani moja ilikuwa ikitapika moshi mzito wa kahawia. Nyumba yenyewe haikuonekana kwa moshi. Moshi ulidondoka, ukaruka ua, ukaanza kutambaa kuja kwao.

Murdoch alijisikia mwepesi kama kijana. Adui alikuwa amepatikana, na wala si Zoe.

"Mjinga gani huyo? Kesho twende wote halmashauri. Mtu kama huyo ananyang'anywa jiko, hakuna kubembelezana."

"Una hakika?"

"Nitatia saini wa kwanza."

Zoe akamwongezea biskuti ya pili. "Kula kwanza. Tusubiri upepo."

Upepo ukaja kidogo, moshi ukapasuka, likatokea dirisha lenye taa. Nyuma ya kioo, paka wa sikio moja alipiga miayo.